Jezi Moja, Washambuliaji Wawili

Katindo, Goma, Jumapili mchana. Miaka ishirini na tisa tangu tutoke Rutshuru, miezi saba tangu tukuzike.

Muhindo ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Unanijua, hasira zangu huwa nazimeza. Hii imekataa kumezeka.

Vijana wetu wenye asili ya Rutshuru wamejenga uwanja wa mpira wa kikapu hapa Katindo, saruji safi juu ya mawe ya volkano. Ukutani wakataka kuandika jina la mshambuliaji bora wa timu yetu ya zamani ya parokia. Wakaja kuniomba daftari la matokeo, lile nililolibeba kwapani tulipokimbia, ukanicheka kwamba watu wanabeba sufuria, mimi nabeba vikapu vilivyokwisha kufungwa. Niliwapa kwa furaha, kwa sababu nilidhani najua watakuta nini ndani. Jumapili iliyopita walivuta kitambaa mbele ya watu wote. Ukutani paliandikwa: BAHATI.

Bahati, Muhindo. Mshambuliaji bora.

Mimi nilikaa kwenye meza ya kuandika matokeo misimu sita, hatua tatu kutoka mstarini, na macho yangu wakati ule hayakuhitaji miwani. Nyote wawili mlicheza namba nne, yule mrefu anayefanya kazi karibu na kikapu lakini anatakiwa ajue pia kutoka nje. Bahati alikuwa na nguvu, hilo simnyimi. Alimpa mlinzi mgongo, akamsukuma mpaka chini ya ubao, akageukia kulia na kutupa. Aliruka kukushinda, na mpira uliokosa aliurudisha ndani kabla wengine hawajainua mikono. Lakini alikuwa na kulia tu. Mfungie upande huo, amekwisha. Mletee mlinzi wa pili, mpira umepotea, maana akishaupata hakumwona tena mtu yeyote duniani.

Wewe hukuruka. Ulimgusa mlinzi kwa bega la kushoto, ukasubiri kidogo, na alipoegemea huko ulikuwa umeshapita upande wa pili. Ulitupa kwa mkono wowote. Wakikuacha pale kwenye kona ya mstari wa adhabu, ulipiga kutoka hapo hapo na chuma hakikusikika. Wakija wawili, mpira ulikuwa umeshafika kwa mwenzako aliyebaki peke yake, naye akaandikiwa pointi. Bahati alifunga. Wewe ulifunga na ukafungisha. Kama hiyo siyo kushambulia, basi misimu sita nilikuwa natazama mchezo mwingine.

Nilisimama mbele ya watu nikasema hivyo. Bahati alikuwa ameketi kiti cha mbele, fimbo kati ya magoti, soda mkononi. Nikamuuliza anawezaje kupokea kitu ambacho anajua nusu yake ni yako. Hata hakuona haya.

"Muzee, mi sikuandika kitu," akasema. "Ni weye uliandika."

Watu wakacheka. Mimi nikakaa.

Kwa sababu ni kweli. Unakumbuka parokia ilitupa jezi tisa, na ninyi wachezaji mlikuwa kumi. Ninyi wawili wa nafasi moja mkagawana jezi namba tisa. Mashine ya kusaga ilikushika mpaka saa kumi, kwa hiyo Bahati ndiye aliyeanza. Ukifika, yeye anavua, wewe unavaa jezi iliyolowa jasho lake, na unga bado umo mikononi mwako. Mpira ulijaa alama nyeupe za vidole vyako, wapinzani wakamlalamikia refa kwamba unateleza mikononi mwao. Kila aliyekuwapo alijua ni nani yuko ndani. Mimi niliandika jina la aliyeanza na jezi, kisha nikaendelea kupiga vijistari kwenye mstari wa namba tisa mpaka filimbi ya mwisho. Vikapu vyako vyote viko chini ya jina la Bahati. Lako linaonekana siku chache tu, zile ambazo mashine iliharibika ukawahi.

Mimi, mwalimu, niliyemrudishia mwanafunzi karatasi kila aliposahau kuandika jina lake.

Komite ya vijana wale wakaona nimeumia, wakaniletea suluhisho: wafute jina, waandike tisa tu, iwe ya wote wawili. Nilikataa. Namba hiyo ndiyo iliyokuficha, sasa wanataka ikufiche kwa rangi ya mafuta. Wakaniuliza nina ushahidi gani. Sina. Vijistari vyote vinafanana.

Lakini lililonichoma zaidi siyo komite. Ni Neema, mjukuu wako, ambaye sasa ni mrefu kama mlango na anacheza nafasi yako katika timu ya wasichana. Siku ile alinisindikiza nyumbani. Tulipofika kwenye kona ya kambi ya jeshi akaniuliza:

"Muzee, kumbe babu alikuwaka wa kubadilisha tu?"

Muhindo, ningeweza kurudi kuuvunja ukuta ule kwa mikono.

Nilimweleza yote, na makosa yangu pia. Sijui kama aliniamini. Alhamisi nikaenda kutazama mazoezi yao. Bahati alikuwapo, siku hizi haondoki pale, anakaa karibu na jina lake. Neema akapokea mpira, mlinzi nyuma yake. Akamgusa kwa bega la kushoto. Akasubiri. Mlinzi akaegemea, na mtoto akawa ameshapita upande wa pili, akatupa kwa mkono wa kushoto. Hakuna kocha aliyemfundisha. Nilimuuliza, akasema mlikuwa mnacheza hivyo uani, yeye na wewe, akiwa mdogo, na mpira wa plastiki.

Nikamtazama Bahati. Alikuwa anasugua viganja vyake polepole, kama mtu anayepangusa unga.

"Huyo ni Muhindo," akasema, chini chini.

Nikamwambia akaseme hivyo kwa komite. Akaangalia pembeni, akaomba asaidiwe kuinuka. Basi. Amekuona, na jina lake bado liko ukutani.

Nimeomba meza ya kuandika ya timu ya Neema, wamenipa. Kila msichana anayeingia naandika jina lake lote, hata akicheza dakika moja. Wananicheka kwamba nachelewesha mchezo. Waache wacheke. Na kila Jumamosi, kabla mpira haujarushwa, nitawaambia waliopo nani alivaa jezi ile baada ya saa kumi, mpaka komite wachoke au mimi nife.

Mpwa wangu amepiga simu kutoka kwetu. Anasema paa la nyumba yangu bado lipo, niende. Najua tuliahidiana, atakayebaki atakwenda kuuona uwanja wa parokia. Nisamehe kwa hilo pia. Kosa langu liko huku, na aliyeumizwa nalo anacheza huku.

Pumzika, ndugu yangu. Mimi Rutshuru sirudi.