Makofi ya Bukiriro

Jumanne jioni.

Leo nimepiga makofi kuliko watu wote wa Bukiriro. Mheshimiwa alikuja na magari mawili akatuita "wazalendo" mpaka masikio yakachoka. Mimi niliwekwa kiti cha mbele. Nani mwingine hapa aliushangilia uhuru kwa miguu yake mwenyewe? Wengine walikuwa mgongoni kwa mama zao.

Akasema taifa lina wenyewe. Nikapiga makofi. Akasema ardhi yetu inaliwa na waliovuka mpaka. Nikapiga kabla hajamaliza, wajue nani anaelewa siasa. Akasema kesho mwenyekiti wa kijiji ataandika majina yao, warudishwe kwao. Hapo pia nilipiga.

Nafika nyumbani, mke wangu ananiletea maji ya kunawa, anapiga goti kama binti mdogo.

"Shikamoo, mzalendo."

Nikanawa.

"Nilikuwa nyuma na akina mama, nimekuona. Sasa nifungashe nguo zangu, au nikupikie kwanza?"

Huyu mwanamke nilimtoa Burundi kwa ng'ombe wanne wa baba yangu. Amenizalia watoto sita. Sikuwahi kumfikiria kuwa ni mtu aliyevuka mpaka. Hotuba ilikuwa tamu, lakini...

Naogopa, nasema kweli. Hana karatasi hata moja ya uraia.

Nilimwambia apike. Kesho nitamwahi mwenyekiti kabla hajanywa chai. Kama anaandika jina la mke wangu, aanze na langu. Mto ule wa mpakani nilimvusha mimi, kwa mkono wangu, mchana kweupe.