Somo la Wifi Mdomoni mwa Makamu

Mwenzangu, uko wapi?! Wifi yako leo kamkomesha yule Makamu wa mwalimu mkuu.

Si unalijua lile somo la Wifi la mizani, la rula juu ya penseli? Makamu kalichukua mezani kwa Wifi, kaja kuliwasilisha kwenye mafunzo ya walimu kama lake. Lake!! Wifi anamtazama tu.

Mkufunzi akasema, "Karatasi nimeiona. Hapa tunapima umahiri, kwa hiyo tufundishe. Sisi ndio darasa."

Makamu akapanga kifutio kimoja huku mwishoni, viwili kule karibu na penseli. Rula ikatulia. Wifi akanyoosha kidole kama mtoto wa darasa la nne. "Mwalimu, kule viwili, huku kimoja. Mbona rula haijainama?"

Makamu akajifuta jasho. "Hilo... mtalifanya nyumbani."

NYUMBANI!! Ukumbi mzima tulivunjika mbavu. Wifi hata hakutabasamu. Akanyoosha tena. "Na nikivisogeza vile viwili mbali na penseli, mwalimu?" Akainuka, akavisogeza mwenyewe, rula ikaporomoka hadi miguuni pa mkufunzi. Mkufunzi akamwambia Makamu mbele yetu sote: "Bado hujamudu."

Kwenye chai Makamu akamfuata Wifi. "Mwalimu, ndiyo nini kuniaibisha hivi?"

Wifi akaendelea kukoroga chai yake taratibu. "Sijamaliza. Kesho unawasilisha somo la pili, na hilo nalo umelitoa mezani kwangu."