Mistari Miwili na Magoti ya Mama

Jumamosi, jioni. Ikutha.

Leo jua limewaka kama lina kesi na sisi. Alasiri mawingu yakajikusanya upande wa mto, yakatutia tamaa, kisha yakatawanyika bila kuacha hata tone. Nimechoka na sijabeba chochote ila kiti kimoja. Nimechoka kwa kuangalia watu.

Nilifunga duka langu kule Malili nikaja nyumbani, kwa sababu Mama aliniambia kundi lao linachagua mwenyekiti na magoti yake hayamfikishi mtoni peke yake. Nilidhani nakuja kumshika mkono tu.

Kundi lenyewe ni la mwethya, akina mama wa kijiji wanaofanya kazi kwa pamoja. Ndio waliojenga ule ukuta wa mawe unaozuia mchanga mtoni, na mchanga huo ndio unaotutunzia maji kiangazi kizima. Nilikuwa mdogo wakati huo. Bado nawaona wamejipanga kutoka kilimani hadi mtoni, wanapokezana mawe huku wanaimba, na sisi watoto tumeachwa kivulini tuchunge sufuria ya mahindi ya muthokoi. Mama alipenda kusimama katikati. Aliyempa mawe ni Mbithe. Aliyeyapokea kutoka kwake ni Kalunde.

Mbithe na Mama ni chanda na pete hadi leo. Kalunde walikosana naye zamani, kisa mbuzi wake aliyeingia kwenye mbaazi zetu, na tangu hapo wanasalimiana kanisani tu, tena kwa sababu pasta anaangalia.

Hao wawili ndio waliogombea leo.

Mbithe anataka malori yaruhusiwe kuchota mchanga, kundi lipate mtaji wa kufuga kuku. Kalunde hataki kuona gurudumu mtoni. Na mwethya hawapigi kura kwa karatasi. Mgombea anasimama akitazama mbele, haruhusiwi kugeuka, na anayemtaka anajipanga nyuma yake mchana kweupe, majirani wote wakiona.

Mzee wa kijiji alihesabu mistari yote miwili. Akarudia. Kisha akavua kofia, akajipepea nayo.

"Laini ziko sawa," akasema. "Kuna mtu hajasimama?"

Mama alikuwa bado ameketi kwenye kiti nilichombebea.

Sijawahi kumwonea mtu huruma namna ile. Mwanamke ambaye hata wanasiasa hawamfikii na zile leso zao za kampeni, leo kila upande unamkenulia meno. Waliokuwa nyuma ya Mbithe walishaanza vigelegele, maana walijua. Hata mimi nilijua. Nilimwinua, nikamgeuza upande wa Mbithe bila kumuuliza.

Mama akanivuta mkono.

Tulikwenda polepole hadi mbele ya Mbithe, na Mama akasimama akamtazama usoni.

"Mbithe, wewe ni wangu," akamwambia. "Lakini hii mchanga tusiuze. Hawa watoto watakunywa nini?"

Mama akanigeuza, tukautembea mstari wa Kalunde wote hadi mwisho. Nilitamani ardhi inimeze. Wakati huohuo nilijivunia sana kuwa binti yake.

Kalunde alipotangazwa hakushangilia. Alikuja akamshika Mama mkono kwa mikono yake yote miwili. Mama alikuwa anachungulia juu ya bega lake akimtafuta Mbithe. Mbithe alikuwa ameshaondoka.

Naukumbuka ule mstari wa mawe. Wote watatu walikuwa ndani yake, na hakuna aliyeulizwa yuko upande gani. Wakichoka walikuwa wanakalia mawe yaleyale wakisengenya waume zao, na sisi tukijifanya hatusikii.

Tangu nilipokuwa mtoto, Mbithe hupita nyuma ya ua wetu kila jioni na punda wake akitoka kuteka maji. Hupaza sauti kumsalimu kwa Kikamba, "Wakya!" Na Mama, popote alipo, hata akiwa bafuni na sabuni machoni, humjibu, "Aa!" Niliishi miaka mingi nikidhani ndivyo jua linavyoambiwa lizame.

Leo nimesikia kengele ya punda ikija. Mama alikuwa anachambua mbaazi, akaacha kuchambua.

Kengele ikafika kwenye ua. Ikapita. Hakuna sauti.

"Aa!" Mama akajibu hata hivyo, kwa nguvu, kama aliyesalimiwa.

Kengele ikanyamaza kidogo. Halafu ikaendelea na njia.

Mama akarudi kwenye mbaazi zake, hakuniangalia.

Nilikuwa nimepanga kurudi Malili kesho baada ya kanisa. Wateja watanivumilia. Siondoki hapa mpaka nimsikie Mbithe akipaza sauti nyuma ya ua wetu.