Shaba Mikononi mwa Léonce

Jumapili, 21 Aprili 2019
Pasaka. Nimemeza kidonge changu cha zinki alfajiri, tumbo tupu, kichefuchefu kikanisindikiza hadi kanisani. Nimezoea. Miaka saba sasa inaizuia shaba ya chakula isipenye ikajaa kwenye ini langu, nami nipo, mzima, mdomo mrefu kuliko wa padri.

Baada ya misa kaka yangu Léonce, nahodha wa mashua yetu, alishika kikombe cha kahawa — kikamwagika chote! Shangazi Azade akamnong'oneza Mama kwamba nahodha ameanza kulewa kabla ya msimu wa kambakoche. Léonce hajagusa pombe tangu Baba afariki. Lakini hapa kwetu mvuvi akitetemeka, jibu ni moja tu: chupa.

Jumanne, 23 Aprili
Nimemfuata boharini. Anapaka rangi maboya ya mitego, mistari inakwenda upande kama kaa. Maneno nayo yanamkwama.

"Léonce, huu ugonjwa wangu ni wako pia. Ni wa kurithi: baba mmoja, mama mmoja."

"Wako wa ini, dada. Langu jiwe!"

Nikamweleza kwamba kwa wengine shaba hupanda kichwani, ikatikisa mikono. Akasema atapimwa baada ya msimu. Nilipougua mimi madaktari walimtaka naye apimwe, akakimbia sindano. Jitu zima lile!

Nikawasha tochi, nikammulika jicho. Macho yetu ni ya buluu. Kuizunguka ile buluu, pembeni kabisa — duara la kahawia, alama ya shaba.

Nikazima tochi. Nimepanga miadi Ijumaa, na atakwenda, nimbebe nisimbebe.

Jumatano, 24 Aprili
Nimefungua friza ya Mama kutafuta siagi. Vikopo! Ini la kijani la kambakoche, vikopo vimepangwa hadi juu. Tangu Krismasi Mama anampakia Léonce kwenye mkate kila asubuhi, ili mkono upate nguvu. Ndivyo bibi zetu walivyomtibu kila mvuvi aliyelegea. Na ini la kambakoche limejaa shaba tele!

Nilifoka. Mama akakaa kwenye kiti, akasema taratibu kwamba mwanawe alikuwa akimaliza hadi makombo, naye akimtazama akifurahi. Hasira zikaniisha palepale. Tumelia wote wawili, kisha tukamwaga vikopo vyote. Paka wa jirani leo ana sikukuu.

Ijumaa, 26 Aprili
Moncton, hospitalini. Daktari alimtazama jicho kwa mashine, akasoma majibu ya damu, akanitazama mimi. Ni ugonjwa huohuo.

Léonce akaruka: "Basi nitameza vidonge kama vyake, huko huko baharini!" Hapana. Zinki ataimeza maisha yake yote kama mimi, ila mimi niliwahiwa mapema. Yeye kwanza alazwe, apewe dawa ya kuitoa shaba iliyokwishajaa, kidogo kidogo, maana ikienda kasi mtetemeko unaweza kuzidi. Akichelewa, mikono huenda isirudi. Kitanda kipo Jumatatu.

Jumatatu ndiyo siku ya kutega, mashua zote zikitoka pamoja kufungua msimu.

Njiani Léonce akasema: "Nahodha akikosekana siku ya kutega, watasema amelala kalewa."

"Waseme. Mashua nitaiendesha mimi."

"Wewe? Utaipandisha barabarani!"

"Nani aliigonga gati mwaka jana, mimi?"

Akacheka kidogo. Hakusema ndiyo.

Jumatatu, 29 Aprili
Saa kumi na moja alfajiri. Naandika kwenye usukani, injini inapata moto. Mitego imepangwa hadi juu ya kichwa changu. Nitaweza. Nimezaliwa kwenye harufu hii.

Léonce yuko gatini, viatu vya kanisani, begi la hospitali begani. Mama yuko garini nyuma yake. Kijiji kizima kimekuja kuaga. Shangazi Azade akauliza, kwa sauti, nahodha gani huyu anayebaki nchi kavu leo.

Léonce akatoa mikono mfukoni. Akainyoosha mbele ya watu wote, ikitetemeka.

"Ni ugonjwa, Shangazi. Ni shaba. Ninakwenda kutibiwa."

Akaweka begi chini, akapiga magoti kwenye gati kuifungulia mashua kamba. Kazi ya nahodha, hataki kusaidiwa. Vidole vinateleza. Anaanza upya.

Ishara ya kutoka imetolewa! Mashua ya kwanza imetoka, ya pili, ya tano. Mama anapiga honi. Mimi nimekaa. Simharakishi. Kamba bado imo mikononi mwake.