Vidonge vya Keji

Jumatatu

Vidonge ishirini na vinane vya Keji, mgonjwa wangu wa lupasi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, vimepotea leo saa nne. Vilikuwa vya siku saba. Matroni amevitoa katika kabati la Keji akaviazimisha wadi ya pumu, inayotumia dawa hiyo hiyo.

"Sista, kwani huoni huo uso? Amenona. Amepona."

Eti amepona. Uso umevimba kwa sababu ya dawa yenyewe. Matroni mzima anapima ugonjwa kwa mashavu, kama mama mkwe anayekagua bibi harusi. Mimi niliyejilipia chuo kwa kuuza chapati mtaani Nyakuron najua dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo. Ukiikata ghafla, mgonjwa anaweza kuzimia asiamke.

Naogopa. Famasi haina vingine. Mama Matroni, dozi inayofuata ni kesho saa mbili asubuhi. Kabla ya hapo nijibu bila kuzunguka: vinarudi, au havirudi?