Saa Ambayo Habiba Hakuambiwa

Kwa Dada Ruthi, kijijini Hewani.

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku mbali, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umeketi na magoti yako yametulia. Je, ile dawa ya kuchua unaitumia kila siku, au unangoja maumivu yarudi ndipo uikumbuke? Nakujua. Je, mto umeshuka, au maji bado yamo shambani? Na wale kima wa msituni, wamekuachia hata gunzi moja la mahindi? Mimi mwili wangu ni mzima. Zaidi ya hapo siwezi kujisifia lolote.

Nakuomba barua hii uisome peke yako. Najua desturi ya nyumba yako, kwamba barua zangu husomwa kwa sauti na wajukuu huku watu wakila. Hii usiwape. Anayekuletea ni Saumu, mwalimu mwenzangu anayewaangalia wasichana safarini, naye anajua yaliyomo.

Hii ni wiki ya tano tangu niondoke Garsen na vijana wa okestra yetu. Tunakwenda mji kwa mji kaskazini mwa Ujerumani, kwa basi, na kila tufikapo vijana hugawanywa katika nyumba za wenyeji. Mvua hunyesha kidogo kidogo kutwa nzima, kama mtu asiyejua kumaliza maneno. Chakula ni viazi. Jilo, yule mpiga ngoma wetu, huniuliza kila mchana, "Mwalimu, leo ni viazi, ama ni ndugu zake viazi?" Nilikuwa nikimkemea. Siku hizi hanichekeshi tena, wala sina nguvu ya kumkemea.

Unamkumbuka Habiba. Ni yule binti wa Kiorma wa miaka kumi na sita anayepiga selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni na kubanwa kwa magoti. Ulimwona tulipopiga katika shule ya Hewani, ukasema anaishika kama mtu anayekama ng'ombe. Baba yake, Galgalo, alikataa mara mbili kumruhusu asafiri. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe nyumbani kwake nyikani, nikaketi juu ya ngozi, nikanywa maziwa. Unajua ilivyokuwa kwetu. Ilikuwapo miaka ya mapigano ambayo Mpokomo kama mimi hangeweza kuketi pale, wala Muorma hangeweza kuketi barazani kwako.

Galgalo akaniambia kwa Kiswahili chake, "Mwalimu, binti si ndama. Ndama nikikupa, wewe unarudisha ndama, basi. Huyu utarudisha na roho yake."

Mkewe akacheka nyuma ya pazia. "Usimsikilize mzee huyu. Anaogopa atakosa mtu wa kumpikia chai."

Mama huyo ndiye aliyemfundisha Habiba wimbo wa kunywesha ng'ombe kisimani. Mimi niliupanga wimbo huo kwa ajili ya okestra yote, ukianza na selo peke yake, kisha wengine wanaingia mmoja mmoja kama mifugo inayosogea majini. Kila mji tuliopita, huo ndio uliowainua watu vitini.

Sasa nikueleze kosa langu. Sitalipamba.

Nina kanuni moja ambayo niliiweka tangu safari yetu ya kwanza ya Mombasa. Asubuhi ya onyesho hukusanya simu zote za vijana katika kikapu, na haziguswi mpaka baada ya chakula kinachofuata onyesho. Kijana mwenye simu mkononi huwa na nusu ya akili kwao. Kanuni hii sikuwahi kuilegeza kwa ajili ya yeyote.

Jumapili iliyopita onyesho letu lilikuwa saa tano asubuhi. Saa mbili, simu zikiwa zimekwisha kukusanywa, yangu ikalia. Alikuwa Galgalo.

"Mwalimu, mama Habiba ametuacha. Alfajiri. Homa ya siku nne tu."

Nikampa pole. Akasema, "Tunazika leo, baada ya adhuhuri. Wewe mwambie Habiba. Mimi najua hawezi kufika. Lakini saa ile ya jeneza, yeye akae mahali, asome, awe pamoja na sisi. Sitaki kitu kingine kwako."

Nikamjibu, "Nitamwambia."

Nikatoka nje kumtafuta. Nilimkuta katika ukumbi akiusugua upinde wake wa kupigia selo, huku akimcheka Jilo aliyekuwa amevaa shati nyuma mbele. Nikasimama mlangoni. Nikaanza kujipigia hesabu: huku wako nyuma ya kwetu kwa saa moja, watakapozika saa saba, huku itakuwa saa sita, katikati ya onyesho. Hesabu hiyo niliipiga kwa vidole, Dada. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikujua.

Saumu alikuja nyuma yangu. Nilikuwa nimemwambia habari ile. "Mwalimu, mwambie sasa. Wengine watapiga bila yeye."

"Bila yeye hakuna wimbo."

"Basi wimbo usiwepo! Kwani watu hawa watakufa wakikosa wimbo mmoja?"

Nikamwambia, "Kiongozi wa safari hii ni mimi." Nilimwambia kwa sauti ile ninayoitumia darasani. Saumu akanitazama, akaondoka.

Nilijiambia kwamba ni huruma. Nilijiambia kwamba msiba hauna haraka, kwamba maiti haitarudi, na kwamba mtoto apewe saa chache za furaha. Lakini watu walikuwa wamejaa ukumbini, wengine wamesimama, na nilitaka wimbo ule upigwe. Huo ndio ukweli.

Nusu saa kabla ya kuanza, Galgalo akapiga tena. Nilisikia watu wengi nyuma yake.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Mtoto anasemaje?"

"Analia, lakini amepokea. Atasoma dua."

Nikamsikia akiwageukia watu waliokuwa karibu naye na kuwaeleza kwa Kiorma. Nikasikia mama mmoja akivuta pumzi na kumshukuru Mungu. Kuna mtu aliyenilazimisha kuyaongeza machozi yale? Hapana. Niliyatunga mwenyewe, nikiwa nimevaa tai, na fimbo ya kuongozea okestra imo mfukoni.

Habiba hajawahi kupiga vile. Sitaeleza zaidi. Watu walisimama wakapiga makofi mpaka nikamwashiria ainuke peke yake. Akainuka, akainamisha kichwa, akatabasamu. Mtoto mdogo akapanda jukwaani kumpa ua, naye akacheka kwa sauti. Nilitazama saa iliyokuwa ukutani. Ilikuwa saa sita na dakika kumi.

Baada ya onyesho nikasema moyoni, na ale kwanza. Wakala. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kuanzia, mimi ambaye nimewasahihisha watu maneno yao miaka thelathini, wakati kikapu cha simu kilipopitishwa mezani kama kawaida. Sikukizuia. Nilikuwa nimekisahau.

Habiba akaja mpaka nilipoketi, akanyoosha mkono wenye simu. Kulikuwa na ujumbe wa kaka yake, nao ulisema: "Pole dada. Baba ametuambia umepokea. Tumefarijika sana kujua ulikuwa unasoma pamoja na sisi wakati wa kumzika Mama."

Akaniuliza, "Mwalimu, nimepokea nini?"

Nikamwambia pale pale, mbele ya sahani. Hakulia. Aliniuliza saa ya mazishi, nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, kama nilivyohesabu mimi.

"Nilikuwa nimesimama," akasema. "Nilikuwa ninacheka."

Mwenyeji wake, bibi mmoja mwenye moyo mwema, alipofasiriwa habari akamshika bega. Akasema labda Mungu aliupokea wimbo ule badala ya dua. Habiba alimsikiliza kwa adabu. Kisha akanigeukia mimi. "Hata ningekuwa nyumbani, Mwalimu, nisingekwenda makaburini. Wanawake hatuendi. Ningekaa ndani na shangazi zangu, nisome. Kusoma hakuhitaji ndege."

Dada, hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nimekulia karibu na watu hawa, na desturi hiyo niliijua. Umbali wa nchi na nchi haukumnyima mtoto huyu kitu. Alichotakiwa kufanya kwa mama yake angeweza kukifanya katika pembe yoyote ya jengo lile, akiwa na ushungi wake na ukuta wa kuelekea. Aliyemnyima ni mimi.

Siku ya pili nilimwomba msamaha. Niliomba nikiwa nimesimama, mbele ya Saumu, kwa sababu nilimkosea mbele ya Saumu. Akasema, "Sijui, Mwalimu. Niulize siku nyingine."

Nikamwambia kwamba nitampigia baba yake simu nimweleze yote. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza. "Usimwambie! Baba amewaambia watu wote kwamba nilikuwa nao. Analala na neno hilo. Ukilichukua, utampa nini?"

Nimelifikiria jambo hilo kwa siku tatu. Maisha yangu yote nimeamini kwamba kosa husahihishwa mara linapoonekana, kwa wino mwekundu, mbele ya aliyelifanya. Sasa nina kosa langu mwenyewe, na kulisahihisha ni kumpora mjane faraja aliyobaki nayo. Jumapili niliitanguliza akili yangu mbele ya ombi la baba. Sitaitanguliza tena mbele ya ombi la binti. Nitanyamaza mpaka Habiba mwenyewe aseme, na kama hatasema, nitanyamaza mpaka nife.

Jana Galgalo alipiga simu. Sauti yake imekuwa nyembamba. "Mwalimu, wewe ulimshika mtoto wangu siku mbaya. Watu hapa wanasema, Mpokomo yule ni ndugu yetu. Mungu akulipe."

Nikasema, "Amina."

Habiba anarudi Alhamisi pamoja na Saumu. Selo yake ameiacha. Aliifuta, akalegeza nywele za upinde, akafunga sanduku na kuniwekea ufunguo mezani, akasema, "Mpe mwingine." Miji miwili iliyobaki tutaipigia bila wimbo ule. Vijana wanajua sababu, na wanaponiitikia sasa wananiitikia kwa adabu tupu.

Nisalimie shemeji, mumeo, na umwambie paa la ghala lisingoje nirudi. Msalimie Mama Hadhara, mkunga wetu, na pia Mzee Buya anayetuvusha kwa mtumbwi. Mwambie mke wangu kwamba nitamweleza nikifika, asikuulize wewe.

Ninalo ombi moja. Habiba akifika, nenda matangani kwao. Chukua wanawake wawili watatu wa Hewani, mbebe mchele na ndizi kama majirani, mvuke mwende. Nimemwomba Habiba ruhusa nikuandikie wewe peke yako, akakubali kwa kichwa. Ukifika, keti karibu naye. Usimtetee ndugu yako. Na watu wakianza kunisifu, maana watanisifu, usiwakatalie, kwa sababu yeye hataki. Lakini pia usiitikie. Inamisha uso tu, unyamaze mpaka wamalize. Habiba atakuona umenyamaza, na katika nyumba ile nzima atakuwa na mtu mmoja ambaye hahitaji kumficha.

Ni mimi ndugu yako,
Yona