Sketi Yenye Mishono Mitatu

Tarehe 9 Februari

Mpwa wangu,

Kabla sijakusalimu, ujue unaandikiwa na mtu ambaye akilala siku mbili tu, mji huu mzima utatembea uchi. Sijivuni. Juzi mafua yalinishika, nikafunga kibanda nusu siku. Mkuu wa shule akaja mwenyewe kunigongea dirisha, na karani wake nyuma amebeba majora ya vitambaa kichwani, wote wawili macho mekundu. Nikawaambia, jamani, hata jua huzama.

Haya, salamu sasa. U mzima? Baridi ya huko imekuachia vidole? Sisi huku tunaendelea, tunakohoa kwa zamu.

Binti yako Kibonge hajambo. Ana miaka kumi na tatu na maneno ya mtu wa hamsini. Jana nilimwambia asikalie kitambaa cha mteja, akanijibu, "Babu, nakinyoosha." Anauliza utarudi lini. Namwambia karibuni. Karibuni hii nimeisema miaka mitatu sasa, imeanza kupauka.

Barua yako nimeisoma. Kumbe kazi yako kwenye huo utafiti wa kisukari na unene wa watoto na vijana ni kuwazungushia futi kiunoni na kuandika namba! Nilicheka mpaka pini zikanidondoka mdomoni. Nani alikufundisha kushika futi? Nani alikwambia usimpime mtu akiwa amebana pumzi? Mwambie huyo profesa kwamba utafiti wake ulianzia kibandani kwangu, na mimi nina madaftari ya vipimo vya sare za shule tangu wewe hujaota meno. Akiyataka, aandike kwa adabu.

Gauni lako la kurudia nyumbani limekwisha. Nimelivalisha lile sanamu la kushonea, linakungoja pale mlangoni.

Mjomba wako,
Fundi wa mji


Tarehe 1 Machi

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Vidole ninavyo vyote kumi, nimevihesabu leo asubuhi.

Nimemwambia profesa habari za madaftari yako. Hakucheka, Mjomba. Alivua miwani. Anasema watoto wa mji mmoja, shule ileile, miaka ishirini na kitu, kiuno kwa kiuno, hakuna ofisi yenye kitu hicho. Tungeona unene ulianza kupanda lini. Lakini kabla sijampandisha mori, niambie ukweli: zile namba ni za mwili au za nguo? Nakumbuka ulikuwa na mchezo wa kuongeza.

Jana nilimpima msichana wa miaka kumi na tatu. Futi ilikuwa ya baridi, akacheka, akajikunja tumbo kama anavyofanya Kibonge. Nikaandika namba. Halafu nikabaki nimeshika ncha mbili za futi, sijamwachia. Akaniuliza, "Bado?" Nikamwambia, "Bado kidogo."

Nina ombi, usinicheke. Nitumie kipimo cha mwanangu. Kiuno tu. Nitakata utepe niufunge duara, niuweke kwenye mto ninaolalia, nijue mikono yangu ingefika wapi.

Mpwa wako


Tarehe 15 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Barua hii naiandika wateja wakiwa wamepanga foleni mpaka kwa muuza vitambaa, na muuza vitambaa ameanza kuwauzia viti.

Umeuliza kuhusu kuongeza. Mpwa, hujafikia kunifundisha kazi. Kila mtoto namwongezea inchi mbili za kukulia, na mwenye mzazi bahili tatu, maana mzazi bahili anataka sketi moja ivaliwe mpaka mtoto aolewe. Profesa atoe hizo mbili mwenyewe. Kwani shuleni alikwenda kufuata uji?

Kipimo cha Kibonge ni inchi ishirini na tisa kamili, mwili mtupu. Kata utepe wako.

Sasa sikiliza habari ya maana. Nyinyi huko mna mashine na maprofesa, mnahangaika na unene wa watoto. Mimi nimeutibu. Sikumpa dawa, nilimkataza soda tu na nikamtuma dukani kwa miguu. Basi mtoto ananyauka mwenyewe! Sketi yake ya shule nimeibana mara tatu tangu shule zifunguliwe. Na maji anavyokunywa, utadhani ametumwa kukausha mtungi. Anaamka usiku mara nne kwenda msalani, na asubuhi anaanza tena. Mwalimu analalamika kwamba anasinzia darasani. Nimemwambia mwalimu, huo ni mwili unaosafishika. Jirani zangu wote wanataka niwatibie watoto wao. Andikeni jina langu kwenye huo utafiti, sihitaji makofi.

Mjomba wako,
Fundi na tabibu


Tarehe 27 Machi, saa mbili asubuhi
Kwenye simu ya muuza vitambaa

Dada, shikamoo, tafadhali mwite mjomba umsomee hii sasa hivi. Mjomba, barua yako imenifikia dakika hii. Kiu, kwenda msalani, kupungua, kusinzia: hayo ndiyo maswali ya kwanza kwenye fomu yangu. Hujamtibu. Kuna kisukari kinachowashika watoto bila kujali unene, mwili unakosa insulini na mtoto anakauka. Mpeleke hospitali LEO. Waambie wampime sukari kabla ya kitu kingine chochote. Usimpe chochote cha kienyeji. Nenda.


Tarehe 27 Machi, saa sita mchana

Mjomba, mmefika?


Tarehe 27 Machi, saa kumi na moja jioni

Mjomba, uliniandikia ishirini na tisa. Nimetazama barua yako ya mwaka jana, na yenyewe ina ishirini na tisa. Mtoto aliyebanwa sketi mara tatu anabakije na kiuno kilekile? Ulimpima kweli? Nijibu tafadhali. Hata kunitukana, nijibu.


Tarehe 28 Machi, saa tatu asubuhi
Kutoka simu ya muuza vitambaa

Yu hai. Ana dripu. Siwezi kuandika kwa kidole kimoja. Barua inakuja. Mjomba


Tarehe 3 Aprili

Mpwa wangu,

Kibonge amekula leo, na amegombana na nesi, kwa hiyo unaweza kuketi kitini kama ulikuwa umesimama.

Sasa nikueleze. Muuza vitambaa aliponisomea ujumbe wako, nilikuwa na mteja mikononi. Nikamwacha na mkono mmoja wa shati. Nyumbani nikamkuta mtoto kajilaza sakafuni anatapika, anahema kama aliyekimbizwa, na pumzi zake zinanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nikamtupia mgongoni.

Siku nyingine ningekwambia nilikimbia mwendo wa saa nzima bila kutua. Ni mitaa mitatu, na nilipumzika mara mbili. Si kwa uzito. Alikuwa mwepesi mno, nikawa natua kutazama kama bado anahema.

Wakamchoma kidole, kimashine kikashindwa hata kutaja namba, kikaandika tu kwamba sukari imezidi. Wakanipokonya mtoto. Baadaye akaja daktari, kijana mdogo, ningeweza kumshonea sare. Akaniuliza, "Amepungua kiasi gani, tangu lini?" Nikasema ana inchi ishirini na tisa. Akamtazama mtoto kitandani, akanitazama mimi. Akasema, "Mzee, nauliza tena."

Mpwa, sikumpima. Nilinakili ya mwaka jana. Nilikuwa na haraka, na nilipenda namba ile, maana ndiyo uliyoizoea.

Nikakumbuka mfuko wa nguo zake. Nikatoa sketi, nikaigeuza ndani nje, nikamwonyesha kiunoni. Mshono wa kwanza ni wa uzi wa bluu, wiki shule zilipofunguliwa. Wa pili ni mweusi, kwa kuwa bluu iliniishia katikati ya Februari. Wa tatu ni bluu tena, siku tatu kabla sijakuandikia. Nikampimia kwa pingili ya kidole: hapa inchi moja na nusu, hapa moja, hapa mbili. Miezi miwili, inchi nne na nusu. Akayaandika yote. Akasema, "Hii sketi imetunza kumbukumbu kuliko wewe." Nikamwambia aliyeishona ni mimi. Akasema, "Basi ungeisoma."

Nikaikunja ile sketi, nikairudisha mfukoni.

Sindano ni za kila siku, maisha yote. Wamenifundisha kumchoma. Nilimsikiliza nesi vizuri sana, macho yakiwa dirishani. Kibonge akaninyang'anya. "Lete, Babu, utanitia kifungo." Anajichoma mwenyewe.

Kama utamchukua, sitakuwa na neno. Kama utanilaani, fanya kwa barua, niisome mahali ninapoweza kukaa.

Mjomba wako


Tarehe 18 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne. Tatu nilizichana, usiulize zilisemaje.

Nilikasirika. Namba yako niliitilia shaka, lakini utepe niliukata hivyo hivyo, na mpaka barua yako ilipofika nililala nimekumbatia duara la inchi ishirini na tisa, na ndani yake hakukuwa na mtu. Nimelikata.

Halafu nikakaa nikajiuliza ni nani aliyekuwa amepewa kazi ya kujua. Mwaka huu nimepima viuno mia tisa na kumi na vinne, na kila mtoto nimemuuliza kuhusu kiu. Wangu sikumuuliza. Kila barua niliuliza habari za shule. Wewe hukujua ulichokiona, mimi nilijua na sikuwepo kuona. Tugawane, Mjomba. Usibebe peke yako, maana wewe ukibeba kitu utasema kilikuwa tani.

Daktari aliuliza swali zuri na ukampa jibu, ingawa kwa mdomo wa sketi. Profesa nilimsimulia. Akaniomba nikwambie usiifumue ile sketi.

Mkataba wangu unaisha Juni na sitausaini tena. Narudi. Watoto wenye kisukari wapo hata huko, na atatakiwa mtu wa kuwapima. Usimwambie Kibonge, utaongeza chumvi na atanisubiri nishuke kwenye ndege yangu mwenyewe.

Nipe kipimo cha kweli.

Mpwa wako


Tarehe 2 Mei

Mpwa wangu,

Nimelisoma neno "narudi" mara sita, nikampa muuza vitambaa asome, akasema ndivyo lilivyoandikwa.

Kipimo: inchi ishirini na tano na robo. Nimepima Jumapili asubuhi kabla hajala, futi bila kuivuta, na namba ameisoma yeye mwenyewe kwa sauti. Mwezi uliopita ilikuwa ishirini na nne na nusu. Nilimwambia sasa nitafute jina jingine, hili limekuwa kubwa. Akasema, "Liache, Babu. Ni nafasi ya kukulia." Daftari lake nimelianzisha upya. Hakuna nyongeza humo.

Sikumwambia unarudi. Ila ananitazama sana.

Kuhusu gauni lako. Nililishona kwa vipimo ulivyoondoka navyo, na sijui mwili wako sasa ukoje, wala sitaki uniandikie namba. Njoo nikupime. Pembeni nimeliacha bila kulishona, limeshikwa na pini.

Kuna jambo moja dogo ambalo Kibonge atakwambia tu, kwa hiyo bora ulisikie kwangu. Juzi alinikuta kibandani naongea. Akauliza, "Babu, unaongea na nani?" Nikasema na mteja. Akachungulia. "Mteja gani hana kichwa?"

Ni lile sanamu, mpwa, lenye gauni lako. Kila asubuhi nikifungua mlango nalisalimia. Nalipa habari za mtoto, nalidanganya kidogo, halafu naliambia karibuni. Miaka mitatu. Na siku ile aliponikuta, nilikuwa nimeinama, naliomba radhi.

Mjomba wako